Dirisha la Nane



Wasomaji wapenzi, na khususan mama zetu na dada zetu, juma hili tumeonelea tuzungumze juu ya jambo la nyumbani, nalo ni madirisha. Maneno haya tuliyachelewesha hadi kazi ilipokamilika na wanaohusika wakaturuhusu, kwa kuwa ndani yake mna kosa letu wenyewe. Tunajua kwamba mja ametakiwa ajisitiri. Lakini kosa hili lilikuwa juu ya haki za watu, na wenye haki ndio waliotuambia, "Liandike, huenda nyumba nyingine ikanusurika."

Nyumba yetu iko Mji wa Kale, Mombasa, katika kichochoro kinachotoka Ndia Kuu na kushuka kuelekea Bandari ya Kale. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake ni za boriti za mikoko. Marhumu babaetu, Mola amrehemu, aliirithi kwa babake. Alipofariki alituacha sisi, ndugu yetu mmoja mwanamume, dada zetu watatu, na mamaetu, ambaye hadi leo yu hai, Mola amzidishie umri wenye afya. Nyumba haikugawanywa. Tulisema, kama wasemavyo wengi, kwamba maadamu mama yumo ndani, hapana haja ya haraka.

Ghorofa ya juu ya nyumba hiyo ina madirisha manane yanayotazama njiani. Kila dirisha lina mabawa mawili ya msaji, mbao iliyokuwa ikiletwa na majahazi kutoka Bara Hindi. Kila bawa lina vibao vyembamba vilivyolazwa mshazari, kimoja juu ya mwenziwe mithili ya magamba ya samaki, na ufito mmoja wa kuvifungua na kuvifunga vyote kwa pamoja. Sehemu ya chini ya bawa ina kidirisha chake, chenye bawaba upande wa juu, ambacho husukumwa nje kikaegemezwa kijiti. Aliyeketi ndani huiona njia yote hadi pembeni, na aliye njiani haoni ila kivuli. Upepo huingia, jua kali halipiti, na mvua humwagika nje.

Suratun-Nur imetufunza kuomba idhini kabla ya kuingia nyumba za watu, na maulamaa wameeleza kwamba miongoni mwa hekima zake ni kuyalinda macho yasiangukie yasiyoyahusu. Waliojenga miji yetu ya pwani waliitia hekima hiyo katika mbao. Mama zetu hawakufungiwa gizani. Waliijua njia kuliko waliopita njiani. Mamaetu alikuwa akiketi katika dirisha la nane, lile la pembeni, akimwita mchuuzi kwa jina, akimteremshia kikapu kwa kamba na pesa ndani yake, na kukipandisha kikiwa na mchicha na samaki. Hapo ndipo alipotusikilizia tulipokuwa tukirudi chuoni, akajua kwa mwendo wetu tu kama tulikuwa tumehifadhi au tumechapwa.

Mwaka 2013 alitujia dalali mmoja. Alisema ana mteja anayejenga nyumba ya wageni, na anatafuta madirisha ya kale. Alilitazama lile la pembeni, ambalo upande wake wa chini ulikuwa umeoza kwa maji ya mvua na vibao vitatu vilikuwa vimevunjika, akatupa shilingi 24,000. Karo ya mwanetu ilikuwa imetufika shingoni. Tukajiambia kwamba dirisha bovu limepata bei nzuri, na kwamba ndugu zetu tutawaeleza baadaye. Tukatia mahali pake dirisha la alumini na vioo. Na hilo "baadaye", wasomaji wetu, likawa miaka kumi na zaidi.

Mamaetu hakutuuliza kitu. Baada ya wiki chache aliuhamishia mkeka wake chumba cha nyuma, akisema kile cha mbele kimeingia joto. Tuliyasikia maneno hayo tukayapitisha. Na usiku wa juma lile lile, kama kawaida yetu, tulikaa msikitini tukisomesha mlango wa mirathi.

Mwishoni mwa mwaka jana ndugu yetu, ambaye anafanya kazi Maskati, alituma pesa za kuitengeneza nyumba. Dari ilikuwa inavuja na lipu ya nje ilikuwa inabanduka. Alitaka pia madirisha yote yang'olewe, yawekwe ya alumini kama lile la pembeni. "Alumini haioi wala haililiwi na mchwa," alisema katika simu, nasi hatukuwa na la kumjibu, kwa kuwa mfano tulikuwa tumeuweka sisi wenyewe.

Tulimwita fundi seremala mzee, aliyejifunza kazi kwa babake, ili atupimie. Alipanda ngazi, akatoa kisu kidogo, akawa anachoma mbao kwa ncha yake, dirisha baada ya dirisha. Pale kisu kilipozama, aliweka alama kwa chaki. Pale kilipogoma, alipita. Alipomaliza alitwambia kwamba yaliyooza ni sehemu za chini tu, kiasi cha shubiri moja, na kwamba mbao iliyobaki ni nzima kabisa. Akakwangua rangi mahali padogo. Juu palikuwa na kahawia, chini yake kijani, kisha buluu, kisha kijani nyingine, na chini ya yote hayo palikuwa na msaji wenyewe, rangi ya asali, ungali na mafuta yake.

"Shekhe," alisema, "mbao hii ukiing'oa leo, pesa zako hazitakununulia nyingine kama hii." Kisha akageuka, akahesabu kwa kidole. "Na hili la nane liko wapi?"

Tulimjibu kwamba liliharibika. Jibu hilo lilikuwa kweli nusu, na kweli nusu haimpi mtu usingizi. Usiku ule tulikumbuka hesabu ambayo tumewafunza vijana mara nyingi hata tukaweza kuifanya tukiwa tumefumba macho. Mtu amefariki, ameacha mke, wana wawili wanaume na mabinti watatu. Mke ana thumni, yaani fungu moja katika manane. Saba yaliyosalia, kila mwana mwanamume ana mawili, na kila binti ana moja. Mafungu manane, na madirisha manane. Katika zile shilingi 24,000, zetu zilikuwa 6,000. Nyingine 18,000 zilikuwa za mamaetu, za ndugu yetu na za dada zetu watatu, nasi tulizila bila ya idhini ya hata mmoja wao.

Ijumaa iliyofuata, baada ya chakula cha mchana, tuliwakusanya. Ndugu yetu alikuwa katika simu, imewekwa juu ya sinia katikati yetu. Tulisema yote. Palikuwa kimya, kisha dada yetu mdogo akasema, "Kaka, kila mwaka twakusikia msikitini ukisema mwanamke asidhulumiwe fungu lake. Mbona hili hatukuulizwa?"

Hatukuwa na jibu. Tulitoa bahasha tulizokuwa tumeziandaa. Dada yetu mkubwa aliirudisha ya kwake bila ya kuifungua. Alisema, "Elfu tatu siitaki. Nataka dirisha la mama." Wenziwe wakamuunga mkono, na sauti ya Maskati nayo ikasema vivyo hivyo.

Nao walikuwa na haki. Aliyechukua mali ya mtu bila ya ruhusa, wajibu wake wa kwanza ni kukirudisha kitu chenyewe. Kikiwa hakipo tena, hurudisha mfano wake au thamani yake. Tulikwenda kumtafuta yule dalali. Tuliambiwa kwamba mabawa yale yalifanywa meza, yakawekewa kioo juu, na nyumba yenyewe ya wageni ilikwisha kuuzwa. Basi ikabaki kutengeneza mfano wake, kwa mali yetu sisi peke yetu. Na katika kikao kile kile ndugu yetu aliachana na shauri la alumini, maana kila mwenye fungu aliulizwa kwa zamu yake, akiwemo mamaetu, na hapana aliyeitaka.

Kazi ilianza mwezi wa Januari, wakati wa kaskazi, mbao zikiwa kavu. Fundi aliyateremsha mabawa moja moja, akaliandika kila bawa nambari kwa penseli mahali pasipoonekana, kwani hapana mabawa mawili yaliyolingana sawasawa baada ya miaka mingi ukutani. Rangi ya zamani aliikwangua ikiwa imeloweshwa maji, na hapa tungependa mama zetu mtusikilize. Rangi za miaka ya nyuma aghalabu zilikuwa na risasi ndani yake, na vumbi lake ni sumu, khususan kwa watoto na kwa mama mwenye mimba. Msiwaache watoto wacheze karibu, rangi isichomwe kwa moto wala isisuguliwe kavu kwa msasa, na takataka zake zikusanywe zote na zitupwe mbali na mahali pa kupikia.

Mbao zilipokuwa wazi tuliona kwamba waliotangulia hawakutumia misumari katika viungo. Kila pembe ilikuwa ni ulimi ulioingia katika tundu lake, ukashikwa na kijiti cha mbao. Misumari iliyokuwamo ni ya matengenezo ya baadaye, nayo ndiyo iliyoharibu. Chuma hushika kutu kwa hewa ya bahari, kutu huvimba, na ubao hupasuka. Fundi aliing'oa yote, akatia skrubu za shaba. Sehemu zilizooza alizikata kwa mshazari, akaunga kipande kipya chenye mkato kama huo, kwa gundi isiyoyeyuka kwa maji. Alitueleza kwamba ukiunga kwa mkato ulionyooka, maji hukaa katika kiungo, na mshazari huyateremsha. Vibao vilivyovunjika alivichonga upya kwa randa, akivijaribu kimoja kimoja hadi ufito ukasogea kwa kidole. Mwisho alipaka mafuta ya kitani, mikono mitatu, na kila mkono ukaachwa ukauke vyema.

Pembezoni mwa madirisha tuliwakataza waashi kutia saruji. Ukuta wa matumbawe hunywa unyevu na kuutoa. Saruji huuzuia unyevu ndani, nao hutafuta njia kupitia mbao. Kwa hivyo ilitiwa chokaa, kama ilivyokuwa. Kisha tuwakumbushe wenye nyumba kwamba Mji wa Kale ni eneo la hifadhi, na mwenye kutaka kubadilisha sura ya nyumba yake upande wa njiani hutakiwa aombe ruhusa kwanza. Mwaka 2013 hatukumuuliza mtu yeyote, si wenye fungu wala wenye sheria.

Dirisha la nane lilitengenezwa kwa mvule, kwani msaji wa aina ile hatukuupata kwa uwezo wetu. Fundi alituuliza kama tunataka alipake rangi lifanane na mengine. Tulikataa. Tulitaka kila atakayepita aone kwamba saba ni ya wazee na moja ni la deni.

Mamaetu sasa haoni vizuri. Hakuja kulitazama siku lilipopachikwa, wala hakusema neno la kutusamehe, nasi tuliona haya kumuuliza. Aprili, kusi ilipoanza kuvuma, tulipanda juu asubuhi moja tukamkuta chumba cha mbele, mkeka wake umetandikwa pale pale pa zamani, mkono wake juu ya ufito. Alikuwa akivifungua vibao na kuvifunga, polepole. Alitusikia tukiingia.

"Mwanangu," alisema, "mwambie fundi wako hiki kidirisha cha chini chagoma kidogo."

Tulishuka kumwita fundi mbio mbio, kama mtoto aliyetumwa.

Wasomaji wapenzi, kila mwaka katika miji yetu, kutoka Lamu hadi Vanga, mbao za kale hung'olewa, na mara nyingi anayeuza ni mmoja na wenye mali ni wengi. Kabla ya kumwita dalali, au fundi wa alumini, hesabuni kwanza wenye mafungu. Muulizeni dada aliyeolewa mbali, muulizeni mama aliyezeeka, muulizeni mjane wa ndugu yenu na mayatima wake. Kisha chukueni kisu kidogo mchome ubao kwa ncha yake. Huenda kilichooza ni shubiri moja tu, na kilichobaki ni kizima. Na enyi mama zetu na dada zetu, msione haya kuuliza. Yule anayeuza huenda ni mtu wa kilemba, na huenda anasomesha mirathi, na bado akahitaji kuulizwa.

Ewe Mola wetu, tusamehe tuliyoyachukua yasiyokuwa yetu, tujaalie tuyarudishe kabla ya siku ambayo hapatakuwa na dinari wala dirhamu, na uzijaalie nyumba zetu ziwe na sitara, upepo na rehema. Amin.

Wabillahi tawfiq.