MJENGO WA ZIWANI BASOTU NA MILIONI ZA MJOMBA

Dalali wa nyumba, wasomaji wangu, ni mtu wa kumsikiliza huku umeshika mfuko. Akikwambia "ni karibu na barabara", vaa raba. Akikwambia "maji yapo", muulize yapo kwa nani. Sasa huyu wa kwetu alikuja na lake jipya kabisa: nyumba ya kizungu, staili ya miaka ya 60, imekarabatiwa yote, ipo kando ya Ziwa Basotu wilayani Hanang, "ukifungua dirisha tu unavua perege". Bei milioni 95, maelewano yapo.

Mteja si mimi. Mie hata kodi ya chumba hapa Arusha nailipa kwa hivi vijisafu unavyosoma. Mteja ni mjomba wangu, mdogo wake mama, Mwiraqw wa Dongobesh kule Mbulu aliyehamia Katesh siku nyingi. Akaniita nikaone naye, maana anaamini mtu anayeandika magazetini anajua kusoma mikataba. Haya.

Usidhani mzee ana pesa za kuchezea. Desemba 3, 2023, tope, mawe na magogo yalishuka kutoka Mlima Hanang yakapita katikati ya watu Katesh na vijiji vya jirani, wakafa zaidi ya 80. Nyumba ya mjomba ilipona kwa upana wa uchochoro mmoja tu. Tangu siku hiyo, mvua ikianza usiku, mkewe hukaa kitandani amevaa viatu. Anakaa hivyo mpaka asubuhi, na mkoba wenye vyeti uko magotini. Mjomba alivumilia masika ya kwanza, ya pili akauza Fuso lake na kiwanja cha Babati, akasema anataka mahali ambapo ule mlima atautazama kwa mbali kama picha ya kalenda. Jumla alikuwa na milioni 60 na ushei.

Halafu kuna sababu nyingine ambayo haitaji, ila mimi naijua. Mwaka 1983, akiwa na miaka 21, aliajiriwa kuendesha trekta kwenye mashamba ya ngano ya Hanang. Vijana wa leo hamjui, lakini ile ilikuwa kazi ya kutamba nayo. Serikali ya Kanada ilianza kusaidia mradi ule miaka ya 1970, shirika la NAFCO likawa na mashamba saba, kama ekari laki moja hivi, ngano mpaka macho yanachoka. Madereva walikaa kota, wakubwa walikaa kwenye nyumba zenye vioo. Siku moja mjomba alitumwa kupeleka funguo kwa mkubwa mmoja, akasimama mlangoni, akaona sakafu inang'aa kama imemwagiwa maji. Miaka 40 na zaidi imepita, bado anaisimulia ile sakafu. Hata harusi yake hasimulii hivyo.

Basi bwana, tukatoka Katesh asubuhi na Noah ya kukodi, vumbi kufa mtu, dalali kaketi mbele na pesa yake ya kuonyesha, elfu 20, keshaitia mfukoni. Tulipofika nilitaka kuponda, nikashindwa. Ni nyumba bomba. Ndefu, ya chini, imelala kama mtu aliyejinyoosha kwenye majani. Madirisha toka sakafuni mpaka dari upande wote wa ziwani. Sebuleni kuna sehemu ya kuwasha moto iliyojengwa kwa mawe, na kwa baridi ya kule si pambo. Sakafu ni terazo ya zamani, wameisugua ikarudi. Mjomba akavua viatu bila kuambiwa. Akatembea juu yake na soksi, taratibu, mikono nyuma, kama askofu anakagua kanisa.

Aliyeikarabati kaharibu kidogo. Kabandika jipsamu darini na taa za rangirangi kama baa, na juu ya paa bapa la asili kaweka bati la msauzi jekundu. Lile paa bapa ndilo lilikuwa kitu chenyewe! Wasanifu wa Ulaya na Marekani katika karne ya 20 waliita paa la namna hiyo usasa, wakati mababu wa mjomba kule Mbulu walikuwa wanaishi chini ya paa bapa la udongo zamani hizo, nyumba imechimbiwa kwenye mteremko ili Mmasai akija kupora ng'ombe apite juu asiione. Nilimtania mjomba kwamba anataka kulipa milioni 95 kurudi kwenye tembe la babu. Hakucheka. Alikuwa anatazama maji.

Na maji yale yanastahili kutazamwa. Hanang ina maziwa mawili ya kujulikana. Balangida, chini ya mlima, ni la chumvi, kiangazi linakauka linabaki jeupe na watu wanakwenda kuzoa magadi. Nyumba ya "ziwani" huko inaweza kukuacha unatazama uwanja wa chumvi miezi kadhaa. Basotu ni la maji baridi, limekaa kwenye shimo la volkano ya kale, lina samaki, lina ndege, watu wanalichota kwa ndoo. Na lina viboko. Hilo la viboko dalali hakulitaja. Nyayo zao nilizikuta kwenye majani mapya ya bustani, kila moja kama sufuria, zinaelekea chumba cha wageni.

Nikaanza kuhesabu hatua. Kutoka baraza mpaka maji yanapoanza nilipata 34. Baraza lenyewe ni jipya, la zege, ndilo limepandisha bei. Sasa sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Hatua zangu 34 hazifiki hata nusu. Maana yake ile sehemu iliyopendeza kuliko zote, ambayo picha yake dalali anaisambaza kwenye simu za watu, ndiyo serikali ikiamka inaweza kukwambia ubomoe, na wala hutakuwa na mtu wa kumdai. Nikauliza shimo la choo liko wapi. Liko kati ya nyumba na ziwa. Wanakochota watu ndoo ni pale chini, mkono wa kushoto. Dalali akasema, "Mdogo wangu, wewe ni afisa afya au umekuja kununua nyumba?"

Mpaka hapo ilikuwa ni vitu vya kujadiliana bei tu. Tulipozunguka nyuma ndipo mambo yalipobadilika.

Karibu na ukuta wa uani kuna mwinuko wa udongo, mrefu kuliko mtu, umezungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa na juu umepandwa maua ya rangi ya waridi. Dalali akautambulisha kwa fahari: bustani ya mwinuko, wazo la fundi kutoka mjini. Mjomba akavua kofia.

Ule si mwinuko wa bustani. Ni bung'eda. Wabarabaig wakizika mzee mwenye heshima zake hawamfukii wakaondoka. Ukoo unajenga juu yake kwa miezi, kwa sherehe, na hapo panakuwa mahali pa watu wake kurudi vizazi na vizazi. Nchi yote ile ya ngano ilikuwa malisho yao. Matrekta yalipoingia, makaburi ya namna hiyo yalilimwa, na malalamiko yake yameandikwa mpaka nje ya nchi. Wanakijiji wa Mulbadaw waliishtaki NAFCO kwa ajili ya ardhi, wakashinda Mahakama Kuu, wakashindwa Mahakama ya Rufani mwaka 1985. Mashamba yenyewe yalikuja kugawanywa miaka ya 2000, mengine kwa wawekezaji, mengine yakarudi kwa wananchi.

Nilimuuliza mjomba kama na yeye aliwahi kupita juu ya mojawapo. Akanijibu, "Sisi tulipewa mstari, tukafuata mstari." Basi. Mkinipa mwaka mzima wa kumhoji sitapata neno la pili.

Tukiwa bado pale akaja mzee wa Kibarabaig na fimbo, ng'ombe wake wamebaki nje ya ukuta. Nikamwamkia, "Shikamoo babu," akaitikia marahaba bila kunitazama. Akaanza kuongea na mjomba kwa lugha yao, kwa sauti ya chini, muda wa kuchemka maharage. Mie na dalali tulisimama kama wageni wa matanga. Mwisho mjomba akageuka akatutafsiria kwa kifupi. Mzee hapingi nyumba kuuzwa, ameshaona wenye nyumba watatu. Anauliza kitu kimoja: geti litakuwa linafunguliwa?

Dalali akadakia kwa furaha, "Mwambie ni geti la rimoti!"

Twende kwenye karatasi, maana ndilo nililoitiwa. Kulikuwa na nakala ya mauziano ya kurasa mbili, muhuri umefifia, ekari moja na nusu, na wala mwinuko haukutajwa popote, wala njia ya ng'ombe. Dalali alisisitiza twende kwa mwanasheria wake Katesh tumalize leo leo. Hapo nilimkatalia mbele ya watu. Kama ni ardhi ya kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji namba 5 ya 1999 inataka halmashauri ya kijiji iridhie, na saini ya mwanasheria wa mtu haiwezi kusimama mahali pa kikao. Vijana wenzangu mnaokimbilia viwanja vya bei chee huko mikoani, hilo lisikilizeni vizuri, wengi wamelia.

Mjomba akaenda mwenyewe ofisi ya kijiji. Akarudi na ofa yake: milioni 60, baraza jipya livunjwe, choo kihamishiwe nyuma, na bung'eda pamoja na njia yake vikatwe nje ya mpaka, viandikwe hivyo kwenye kikao. Mkewe, aliyekuwa kimya kutwa nzima, akaongeza swali lake: viboko wanapanda mpaka wapi? Akaonyeshwa. Akasema afadhali kiboko, huyo unamsikia anakuja.

Mwenye nyumba yuko Dar, akataka wiki mbili za kufikiri. Zimepita sita. Mjomba bado yuko Katesh na milioni zake benki, na mvua zimeanza.

Juzi dalali kanipigia, mchangamfu kweli. Kapata mteja mwingine, jamaa wa mjini, kaipenda sana nyumba, habishani bei. Ana sharti moja tu dogo: ile bustani ya nyuma isawazishwe apate pa kuegesha magari.