MBWA WETU TABU

Watu wengi hufikiri kwamba kumtambua mbwa mwenye mimba ni jambo jepesi: tumbo likitoka ana mimba, lisipotoka hana. Mimi nami nilifikiri hivyo, nikakosea mara mbili katika mwaka mmoja. Mara ya kwanza nilisema mimba ipo, kumbe haipo. Mara ya pili nilisema haipo, kumbe ipo, na kosa hilo la pili lilikaribia kuleta hasara kubwa. Nayaandika haya ili mwenzangu mwenye mbwa nyumbani asiipite njia niliyoipita mimi.

Kwetu ni pembeni mwa mji wa Njombe. Mbwa wetu jike anaitwa Tabu. Ni mbwa wa kienyeji, rangi yake kama udongo mwekundu, na masikio yake husimama. Kazi yake ni kuwalinda kuku wa mama mchana, na kubweka usiku akisikia nyayo asizozijua. Baba husema kwamba Tabu ndiye askari pekee asiyedai mshahara.

Mwezi wa Aprili Tabu alishika joto. Alivimba nyuma, akatoka damu kidogo, na madume ya mtaa mzima yakaja kulala mbele ya ua wetu. Baba alimfungia bandani, lakini asubuhi moja tulikuta ubao umeng'oka na Tabu yuko nje. Sikuona dume lolote likimpanda. Hata hivyo niliamua moyoni kwamba mambo yamekwisha kuwa.

Ulipofika mwezi wa Juni, katika baridi ile tunayoijua sisi wa Njombe, niliona dalili ambazo hazikuniachia shaka. Chuchu za Tabu zilivimba, na ukizigusa zilitoa maziwa. Alikusanya magunia chini ya ghala akajitengenezea malalo. Akachukua kiatu cha mdogo wangu, akakilamba na kukikumbatia kama mtoto, akamngurumia kila aliyekikaribia. Basi nikatangaza habari. Watu wanne walitaka watoto, na kila mmoja alinipa shilingi 5,000 za kushika nafasi. Fedha hizo nilinunua viatu na madaftari.

Wiki zikapita. Maziwa yakakauka, kiatu kikaachwa uani, na Tabu akarudi kuwafukuza vicheche kama kawaida. Watoto hawakuonekana. Wale wanne walipoanza kuniuliza njiani, nilijifunza kupita njia za nyuma. Mwisho baba alijua. Hakunipiga, ila aliniambia kwamba jina la mtu likiharibika halishonwi kama kiatu. Likizo yote ya katikati ya mwaka nilipakia viazi kwenye magari mpaka nikairudisha shilingi 20,000. Bibi alinitazama nikirudi na vumbi kichwani, akasema, "Mjukuu wangu, umeshona mbeleko na mtoto hajatungwa."

Mwezi wa Novemba Tabu alishika joto tena. Tarehe 20 dume la jirani lilimpanda, na safari hii niliona kwa macho yangu. Niliiandika tarehe hiyo nyuma ya daftari langu la Biolojia, lakini sikumwambia mtu, maana aibu ya Juni ilikuwa bado mbichi.

Katikati ya Desemba Tabu alikataa chakula. Alitapika asubuhi mbili, akawa analala tu juani. Nilimtazama tumbo: halijatoka. Nilizibinya chuchu: hakuna maziwa, ila zilikuwa nyekundu kidogo kuliko kawaida. Nikawaza hivi: mara ile maziwa yalikuwapo na mimba haikuwapo, sasa hata maziwa hayapo, basi mimba itatoka wapi? Hii ni minyoo. Nyumbani palikuwa na chupa ya dawa ya minyoo ya mbuzi, albendazole, iliyobaki nusu. Nikaichukua na kijiko.

Mungu alipenda Mjomba afike saa ile ile. Mjomba anakaa Makambako, karibu na stesheni ya reli ya TAZARA, na alikuwa amekuja na pikapu yake kuchukua viazi. Baada ya kuniitikia shikamoo aliuliza nafanya nini. Nilipomweleza alisema, "Weka chini chupa hiyo. Dawa ya mbuzi kwa mbwa, tena kwa kijiko cha kukisia? Keshokutwa daktari wa mifugo anakuja kwa jirani yangu kutazama ng'ombe. Twende na mbwa wako."

Kutoka Njombe mpaka Makambako ni kama kilometa 60. Nilikaa nyuma juu ya magunia, Tabu miguuni pangu, mvua ikitunyeshea mpaka tulipofika. Tarehe 20 Desemba daktari alikuja. Swali lake la kwanza halikuwa juu ya tumbo. Aliuliza, "Alipandwa lini?" Nilifungua daftari nikamwonyesha. Akahesabu, akasema, "Leo ni siku ya 30. Umeniletea siku iliyo njema." Nami kwa mara ya kwanza katika jambo hili nilisikia fahari.

Alitueleza kwamba mbwa huchukua mimba siku 63 hivi, na kwamba katika wiki ya nne watoto hukaa tumboni kama shanga katika uzi, kila mmoja ni uvimbe mdogo wa duara. Mkono uliofundishwa huweza kuzigusa shanga hizo siku hizo. Baadaye zinajaa na kushikana, wala hazitambulikani tena kwa urahisi. Alimpapasa Tabu polepole kwa vidole vya mikono miwili, akifumba macho. Mimi nilipotaka kujaribu alinikataza, kwa sababu mtu asiyejua akiminya kwa nguvu huweza kuwadhuru. Kisha akasema, "Wapo. Watatu nimewagusa, huenda wako zaidi."

Nilimwuliza juu ya maziwa ya Juni. Alijibu kwamba hiyo ni mimba ya uongo. Mbwa jike akimaliza joto, awe amepandwa au hakupandwa, mwili wake hutoa homoni ile ile ya mimba kwa muda wa miezi miwili hivi. Homoni hiyo ikishuka, maziwa huweza kuja, na mbwa akaanza kutafuta mtoto wa kulea hata kama ni kiatu. Kwa hiyo chuchu na tumbo si ushahidi. Ushahidi ni mkono wa daktari, au mashine ya altrasaundi tangu wiki ya nne, au kipimo cha damu kinachotafuta homoni iitwayo relaksini, au eksirei baada ya siku 50 hivi, ambapo mifupa ya watoto huonekana na kuhesabika. Vipimo vya mkojo vya binadamu vinavyouzwa madukani havimfai mbwa kabisa.

Halafu nilimwonyesha ile chupa. Aliishika, akanyamaza kidogo, akasema kwamba dawa hiyo hapewi mnyama mwenye mimba changa, kwa kuwa yaweza kuwalemaza watoto au kuwaua tumboni. Kukataa chakula na kutapika siku chache katika wiki ya tatu au ya nne, alisema, mara nyingi ni mimba yenyewe. Minyoo ina dawa yake iliyo salama, na yeye atampa kwa kipimo. Njia nzima ya kurudi Njombe nilikuwa nimemshika Tabu shingoni, sikusema neno.

Kuanzia tarehe 19 Januari nilimpima joto asubuhi na jioni, kama nilivyoelekezwa. Lilikuwa 38.4. Tarehe 21 asubuhi lilishuka mpaka 36.9, na daktari alikuwa amesema kwamba likishuka hivyo, watoto huja katika muda wa siku moja. Usiku ule, siku ya 62, Tabu alizaa watoto watano katika magunia yale yale ya chini ya ghala. Mmoja alikufa kabla ya kucha. Wanne wakaishi.

Niliwaendea wale watu wanne, safari hii kwa njia ya mbele. Wawili walikuwa wamekwisha kupata mbwa pengine. Wawili walichukua, bila malipo. Wa tatu alikwenda Makambako kwa Mjomba, na wa nne tuko naye. Hakuna aliyeondoka kabla ya wiki nane, na wote walichanjwa kichaa cha mbwa walipofikisha miezi mitatu.

Wasomaji wenzangu, andikeni tarehe. Bila tarehe ile daktari asingejua siku ya kutafuta, na mimi ningeendelea kukisia kwa kijiko.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu