Kuvuka Ziwa na Watoto wa Watu



Wengi wametuuliza habari za safari tuliyofanya na vijana wetu wa Kirungu mwezi wa Julai 2023, tulipovuka ziwa Tanganika kwenda Karema, katika nchi ya Tanzania. Wengine wametusifu kana kwamba tulikwenda kuwahubiria watu wasiojua Injili. Hapo tunaona haya, maana Karema ilipata misioni kabla yetu. Mapadri Weupe walikabidhiwa ngome ya Karema mwaka 1885, na misioni yetu ya Kirungu, iliyoitwa wakati ule Baudouinville, ilianza mwaka 1893. Mdogo hamfundishi mkubwa wake kupiga ishara ya msalaba. Basi afadhali tueleze mambo jinsi yalivyokuwa, pamoja na yale yasiyotupa sifa.

Sisi tulikuwa viongozi wawili: mwalimu wa dini, na mama mmoja mwenye kuwaangalia wasichana. Vijana walikuwa 14. Wazo lilitoka kwao. Walisikia redioni kwamba vijana wa dunia nzima wanajitayarisha kwenda Lisbon, katika nchi ya Ureno, kwa siku zao za mwezi wa Agosti 2023, wakatuuliza: «Na sisi je? Sisi hatuna ng'ambo?» Nauli ya Lisbon hatukuweza hata kuihesabu. Lakini ng'ambo tunayo, iko mbele ya bandari yetu ya Moba. Kwa muda wa miezi saba vijana walifyatua matofali, wakalima maharagwe, wakauza, na sisi tukatunza fedha ndani ya kopo la maziwa. Walitayarisha nyimbo na mchezo wa kuigiza. Walisema kwamba wanakwenda kufanya utume. Sisi pia tulisema hivyo.

Lakini kabla ya nyimbo na michezo, kiongozi huenda nyumba kwa nyumba kumwomba mtu mtoto wake. Kazi hiyo si nyepesi huku kwetu. Kina cha ziwa letu kinapita mita 1,400, na hakuna nyumba ya pwani isiyokuwa na jina la mtu aliyebaki humo. Wazazi hawajasahau meli Mutambala, iliyozama katika ziwa hili Desemba 2014 na kuua watu zaidi ya mia moja. Tena likizo ya masomo inaangukia Julai na Agosti, ndiyo miezi ambayo upepo wa kusini huvuma kwa nguvu. Basi tuliwaahidi wazazi mambo mawili: hatutapanda chombo siku ya upepo, na kila mtoto atavaa jaketi ya kuelea.

Bibi mmoja alitukaribisha vizuri, akatupa karanga, akatukatalia mjukuu wake. Mwaka 1999, wakati wa vita, alikimbia usiku ndani ya mtumbwi pamoja na watoto wake watatu. Mdogo alikuwa na homa, akafa kabla hawajafika ng'ambo. Walipotua Karema, mama wa nyumba moja alitoa nguo yake mwenyewe wakamvika maiti yule mtoto, wakamzika. Baada ya siku chache wakimbizi walichukuliwa kwenda kambi ya Lugufu, na bibi hakumwona tena mama yule. Alirudi Moba mwaka 2008. «Ziwa hilo nimekwisha lilipa», alituambia.

Tukaondoka. Baada ya juma moja alituita. Juu ya mkeka wake alikuwa ameweka kitenge kipya, kimekunjwa. Akasema: «Atakwenda. Lakini akalipe nguo ile. Nyumba ilikuwa karibu na maji, penye mwembe.» Hatukufikiri sana juu ya neno hili. Tulifurahi tu kwamba hesabu yetu ya vijana imetimia.

Siku ya safari tulitelemka Moba. Mwenye boti alikuwa ametuahidi jaketi 16. Tulipohesabu tulikuta 9. Naye alisema kwamba ziwa limetulia, watu wazima hawavai, na abiria wengine wanangoja. Vijana walikwisha panda, wanaimba. Ndugu wasomaji, ni vigumu kuwaambia vijana walioimba washuke. Tukawashusha. Wengine walinuna, na mmoja alisema kwa sauti kwamba viongozi wana imani ndogo kama Petro. Boti likaondoka bila sisi, likafika Karema salama kabisa, tena abiria walituma habari kwa simu ili tujue. Nusu ya nauli hatukurudishiwa. Kisha upepo ukaanza, nasi tukalala Moba usiku tatu, tukila maharagwe yaliyokuwa zawadi ya wenyeji wetu wa Karema. Wavulana wawili wakarudi nyumbani kwa hasira. Mpaka leo wazazi wengine wanasema tulifanya vema, na wengine wanasema tulipoteza fedha za watoto. Sisi wenyewe usiku ule hatukuwa na hakika.

Tulivuka usiku wa nne, jaketi zote zikiwa zimepatikana, 5 tukiwa tumeziazima kwa wavuvi. Nyimbo zilikoma mara milima ya Moba ilipopotea gizani. Waliobaki na nguvu walisali rozari, wengine walitapika. Msichana yule alikaa amekumbatia kitenge ndani ya mfuko wa plastiki. Hatukulala. Kila dakika tuliwahesabu: kumi na wawili. Tukiisha maliza tulianza tena.

Asubuhi tulifika, na baada ya kungoja sana kwa ajili ya karatasi za safari tukapokewa na wakristu wa Karema kwa wali na samaki. Karema ni mahali pa kutazamwa. Ngome ilijengwa mwaka 1879 na Wabelgiji wa chama cha kimataifa cha Afrika, wakati ule karibu kabisa na maji. Halafu ziwa lilishuka, kwa sababu lilikuwa limefungua njia katika mto Lukuga upande wetu wa Kongo, na ngome ikabaki mbali na ufuko. Vijana walipenda sana habari hii, kwamba maji yaliyoondoka Karema yalipitia kwetu.

Lugha ni ile ile, lakini si ile ile. Sisi tunasema sombe, wao kisamvu; sisi ndagala, wao dagaa; bukari yetu kwao ni ugali. Hayo yalichekesha tu. Neno lililoleta taabu ni «shikamoo». Kule mtoto asiyemwamkia mzee kwa neno hilo huhesabiwa hana adabu, na wetu walikuwa wakipita mbele ya wazee wakisema «Jambo, Baba». Tuliwaeleza. Mvulana mmoja, mwenye akili sana darasani, akakataa. Alisema: «Maana yake ni nashika miguu yako. Watu wanasema ni salamu ya watumwa kwa mabwana wao. Misioni hii ilipokea watumwa waliokombolewa. Nitasemaje neno hilo hapa?» Sisi viongozi hatukuwa na jibu tayari. Mzee mmoja aliyeketi karibu alikuwa amesikia yote. Akainuka polepole, akavua kofia, akamwambia mvulana yule: «Shikamoo.» Kijana akaona haya mpaka machozi, akamshika mzee mkono ili akae. Toka siku ile wote waliamkia kama wenyeji, isipokuwa yeye mwenyewe, ambaye alisema «Tumsifu Yezu Kristu» kwa kila mtu, mkubwa na mdogo. Salamu hiyo ni njema ng'ambo zote mbili, na hakuna aliyeweza kumlaumu.

Jioni ya siku ya kwanza tuliwachezea mchezo wetu. Ulikuwa juu ya maisha ya Adriano Atiman. Wasomaji wengi wanajua habari zake: mtoto wa nchi za mto Niger, akauzwa utumwani, akakombolewa na Mapadri Weupe, akafunzwa udaktari katika kisiwa cha Malta, kisha akatumika Karema kama mganga na mwalimu wa dini zaidi ya miaka 60, mpaka kufa kwake mwaka 1956. Kumbe tulikuwa tumepeleka maji ziwani! Katika mchezo wetu Atiman alibatizwa Karema, na msichana mmoja aliigiza kina mama wakipiga vigelegele. Watu walitulia kwa adabu mpaka mwisho. Halafu mzee mmoja alisimama, akasema kwamba Atiman alikuja Karema akiwa amekwisha batizwa, na kwamba yeye mwenyewe utotoni alinyweshwa dawa chungu kwa mkono wake. «Lakini mmecheza vizuri», akasema. Vijana wetu walikuwa wametayarisha mchezo ule kwa miezi minne.

Padri wa pale alituuliza kwa upole tunataka kufanya nini siku zilizobaki. Tukampa karatasi yetu: mafundisho kwa watoto, mazungumzo juu ya usafi, na kadhalika. Akaisoma, akaikunja, akasema kwamba makaburini majani yamekuwa marefu. Wahenga walisema mgeni apewe jembe siku ya tatu. Sisi tulipewa siku ya pili. Tulifyeka siku tatu pamoja na vijana wa Karema. Humo wamelala wamisionari waliokufa vijana kwa homa, na Atiman mwenyewe, na wakristu wengi, na makaburi mengi madogo yasiyo na msalaba wala jina. Msichana yule alifyeka polepole kuliko wote. Kila alipofika penye kichuguu kidogo alisimama. Hatukumwambia neno.

Jioni alitafuta nyumba. Nyumba karibu na maji penye mwembe! Karema ina miembe kila mahali. Kina mama wa jumuiya walimwongoza, wakauliza huku na huku. Siku ya tatu walimpeleka kwa mama mmoja wa umri wa miaka hamsini hivi, nasi tukafuatana naye. Alisikiliza habari yote, kisha akasema mama yake amekufa zamani. «Wakati wa vita watu walikuja usiku mwingi, si usiku mmoja. Mama aligawa nguo zake mpaka baba akagomba, akasema utabaki uchi. Mtoto wenu simkumbuki. Labda alikuwa ni mama yangu, labda ni jirani.» Na kitenge alikikataa. Alisema hawezi kupokea deni la mtu mwingine.

Hapa tunaungama kosa letu. Siku ya kurudi ilikuwa kesho yake. Tulitaka jambo hili lipate mwisho mzuri, tena tulikuwa tumekwisha fikiri jinsi tutakavyolisimulia parokiani. Tukamvuta msichana kando, tukamwambia: «Kiache tu hapa. Ukifika nyumbani mwambie bibi kwamba umeiona nyumba yenyewe. Ni mzee, atatulia moyo.» Alitutazama kwa muda mrefu kidogo. Sisi ndio tuliomfundisha amri za Mungu.

Hakutujibu. Alirudi kwa mama yule, akapiga magoti, akamwambia hivi: kama si wewe, basi ukitunze kwa ajili ya yule aliyetoa, na kama hatapatikana, umvike mtu atakayefika bila nguo. Mama yule akakaa kimya. Mwisho akanyosha mikono miwili, akapokea.

Safari ya kurudi ilikuwa njema, hatuna la kusema. Ziwa lilikuwa kama kioo, na mvulana yule aliyetuita watu wa imani ndogo alilala njia nzima juu ya mguu wa mwalimu, akauacha umekufa ganzi.

Jioni ile ile tuliwapeleka watoto kila mmoja kwao, na nyumba ya bibi tuliiweka ya mwisho, kwa sababu tuliogopa. Tuliketi mlangoni. Msichana alimweleza bibi yake yote, bila kuficha: hakumpata mama aliyetoa nguo, hakuliona kaburi, amemwachia kitenge mtu ambaye mama yake aligawa nguo nyingi mpaka mumewe akagomba.

Bibi alikuwa akipeta maharagwe. Ungo ukasimama.

«Mume aligomba?»

«Ndivyo alivyosema, Bibi. Alisema utabaki uchi.»

«Basi ndio wao,» akasema bibi. «Aligomba usiku kucha. Mtoto wangu amelala pale amekufa, na yule baba anagomba na mkewe juu ya nguo. Mimi nililia kwa mtoto, lakini nilicheka pia, Mungu anisamehe.» Akacheka tena, akafuta macho kwa upande wa mkono. Kisha akatugeukia sisi viongozi, akauliza kama yule mume bado yu hai. Maana kulipokucha, akasema, ni yeye aliyechukua jembe akachimba kaburi, na hakutaka mtu mwingine amsaidie.

Tukamjibu kwamba hatukuuliza.