Madaftari Mawili

Mimi niliyeishia kidato cha nne na ndoto ya kuandika riwaya, kuna swali la watu wa kompyuta limeninasa: usipoupata ukweli wote kwa wakati, unyamaze au ujibu hivyo hivyo?

Mwaka 2000 mtaalamu wa Marekani, Eric Brewer, alitoa hoja hii. Kompyuta zinazotunza taarifa moja zikiwa mbalimbali, na mawasiliano kati yao yakikatika, ni lazima uchague: zikatae kujibu mpaka ziwe na hakika, au ziendelee kuhudumia huku zikipishana. Vyote viwili hupati. Mwaka 2002 Seth Gilbert na Nancy Lynch wakaithibitisha kwa hesabu.

Amazon walichagua kuhudumia. Mwaka 2007 wahandisi wao walieleza mfumo wao, Dynamo: kapu la mnunuzi lipokee bidhaa hata mitambo ikiharibika. Nakala zikipishana, zinaunganishwa baadaye, na kilichoongezwa hakipotei. Ila, bwana, ulichokwisha kukitoa chaweza kurudi kapuni!

Nilicheka, maana hayo ndiyo maisha yangu. Shangazi ana vibanda viwili vya unga na mchele. Kimoja nakaa mimi, kingine binamu yangu, kila mtu na daftari lake la mikopo. Sasa mtandao wa simu umekatika, na mama mmoja kaja, mtoto mgongoni, anataka unga wa mkopo. Kule kwa binamu keshakopa kiasi gani? Sijui. Nikimrudisha, watoto watalala njaa ili daftari langu liwe safi. Nikimpa kila anachotaka, mtaji unakwenda. Sheria ya shangazi ni fupi: mpe, isizidi kilo mbili. Usiku tunayaweka madaftari pamoja, tunalinganisha.

Mwaka 2012 Brewer alitoa mfano wa mashine za benki za kutolea fedha: zikipoteza mawasiliano zinaweza kuendelea kutoa, ila kwa kiwango maalumu. Shangazi hajamsoma Brewer, jamani!

Kwa hiyo mimi sioni kwamba kuhudumia bila kujua yote ni uongo. Uongo unaanza pale usiku unapoingia na hakuna anayeyafungua madaftari. Na hesabu ikigoma, mama yule asidaiwe alichokwisha kulipa. Hasara ni ya mwenye kibanda, kwani ndiye aliyeamua kubaki wazi. Wenzangu mnasemaje?