Tulisema "Siyo Yeye"



Sisi ni mafrateri watatu wa parokia moja hapa Ifakara. Likizo iliyopita, kama watoto wengine wa bonde la Kilombero wanaorudi nyumbani wakati wa mavuno, tulipelekwa shambani kuvuna mpunga. Jioni moja, tukiwa hoi, mmoja wetu aliweka simu ndani ya sufuria tupu ili muziki usikike vizuri, akafungulia albamu ya bendi ya Queen iitwayo Return of the Champions. Hatukujua kwamba tungeisikiliza kwa aibu.

Queen ni bendi ya roki ya Uingereza, lakini mwimbaji wake, Freddie Mercury, alizaliwa Unguja mwaka 1946 akiitwa Farrokh Bulsara. Familia yake ilihama baada ya Mapinduzi ya 1964. Alifariki tarehe 24 Novemba 1991 kwa maradhi yaliyotokana na UKIMWI, akawaachia wenzake nyimbo ambazo dunia ilizijua kwa sauti yake. Mpiga besi, John Deacon, baadaye akastaafu. Mwaka 2005 wawili waliobaki, mpiga gitaa Brian May na mpiga ngoma Roger Taylor, walirudi jukwaani pamoja na mwimbaji Paul Rodgers. Onyesho lao la tarehe 9 Mei mjini Sheffield ndilo lililorekodiwa kuwa albamu hii.

Wapenzi wa Queen hawakukubaliana. Baadhi yao walinung'unika, na manung'uniko yao tuliyafahamu vizuri, kwa kuwa sisi pia tuliwahi kunung'unika hivyohivyo kanisani.

Kwaya yetu ilikuwa na kaka mmoja aliyeimba mashairi ya wimbo wetu wa Komunyo. Mwaka juzi, mwezi Juni, Mungu alimwita. Baada ya arobaini, mwalimu wa kwaya alimpa mashairi yale kijana mmoja wa sauti ya tatu. Aliimba kwa hofu, lakini hakukosea. Misa ilipokwisha, chini ya mwembe, watu walinong'ona: "Siyo yeye." Nasi tulikuwamo. Mmoja wetu alimwigiza kijana yule mpaka watu wakacheka. Wiki iliyofuata hakuja mazoezini, wala iliyofuata. Wimbo nao ukabaki kabatini. Tulijiambia kwamba tunamheshimu marehemu.

Sasa tulikuwa tumeinamia sufuria, tukisikiliza. Kwanza tulitazama jina lililoandikwa kwenye albamu: Queen + Paul Rodgers. Waliweka alama ya kujumlisha. Hawakusema wamepata Freddie mwingine. Tena Rodgers anaimba humo hata nyimbo alizokuja nazo kutoka bendi zake za zamani, Free na Bad Company. Hakutakiwa kuacha alivyo ili apokelewe. Ilipofika Bohemian Rhapsody, tulisikia sauti ya Freddie mwenyewe, iliyorekodiwa zamani, ikianza wimbo. Rodgers anaingia baadaye.

Hakuna aliyesema neno kwa muda. Marehemu alikuwa amepewa nafasi yake, na aliye hai yake. Sisi tulimnyima aliye hai nafasi kwa kisingizio cha marehemu. Katika kila Misa tunawakumbuka marehemu wetu, na hatuachi kuimba kwa sababu wao hawapo.

Kesho yake jioni tulimfuata kijana yule kwenye kijiwe chake cha bodaboda. Tukamwambia, "Mdogo wetu, tulikukosea. Tusamehe."

Alifuta kiti cha pikipiki yake kwa muda mrefu. "Mlicheka, kaka zangu," alisema. "Niliwasikia."

Hakutujibu zaidi siku ile. Tulirudi mara mbili. Mara ya pili ndipo aliposema, "Nitakuja mazoezini. Lakini nitaimba ninavyoimba mimi."

Misa ya kumbukumbu ya mwaka mmoja iliangukia siku chache baadaye. Wakati wa Komunyo, mwalimu wa kwaya aliacha shairi la kwanza lipigwe kwa kinanda peke yake. Hakuna aliyeimba. Kila mtu kanisani alijua ni nafasi ya nani. Shairi la pili kijana alisimama, akaliimba kwa sauti yake nyembamba, polepole kuliko tulivyozoea. Kwenye kiitikio, mama wa marehemu, aliyeketi benchi la mbele, aliitikia kabla ya sisi wanakwaya.

Siyo yeye, kweli. Wala kijana hakuwahi kutuambia kwamba ni yeye.