Bi Harusi Katikati ya Kanisa, Kwaya Kimya: Alama Ambazo Kompyuta Iliziruka

Hii ilitokea Dar, na waliokuwepo bado wanaikumbushia kwenye grupu. Bi harusi yuko katikati ya kanisa, kamshika baba yake mkono, na kwaya ikanyamaza. Kimya kabisa. Vikabaki kusikika viatu vyake tu kwenye vigae.

Mtunzi wa wimbo ni kijana ambaye mchana anauza vifaa vya simu, jioni anafundisha kwaya. Karatasi yake haikuwa na kosa. Mwisho wa ubeti wa pili aliandika D.C. al Fine, yaani rudini mwanzo, mwimbe mpaka penye Fine. Kabla ya hapo kuna "rit." ya kupunguza mwendo, na fermata, ile alama inayofanana na jicho, ili noti ivutwe.

Ishu ni kwamba wanakwaya wake wengi hawasomi karatasi. Wanatoka kazini saa moja usiku, foleni imewamaliza. Kwa hiyo kila mtu anatumiwa sauti yake WhatsApp, anaisikiliza kwenye daladala mpaka iingie kichwani. Na sauti zenyewe zinatoka MuseScore, programu ya bure ya kuandikia nota.

Kumbe "rit." na D.C. jamaa alizichapa kama maandishi ya kawaida. Kwa programu hayo ni maneno tu, sawa na angeandika "chai saa nne". Basi ikapiga mwendo uleule hadi mstari wa mwisho, ikazima. Wanakwaya wakakariri hivyohivyo. Sasa hapo utamlaumu nani?

Aliyeokoa jahazi ni mzee mmoja wa besi. Simu yake ni kitochi, WhatsApp hana, alikuwa na karatasi tu. Akaanza kiitikio peke yake, na wenzake wakamdaka njiani.

Usiku ule kijana hakwenda ukumbini. Alifungua kompyuta, akafuta yale maandishi, akachukua D.C. al Fine kwenye paleti ya marudio, na Fine nayo humohumo, maana ukiichapa tu kwa mkono mashine haijui isimame wapi. Rit. akaitoa kwenye paleti ya mwendo. Toleo la 4 linapunguza lenyewe. Wenye la 3 wanaijua dawa ya zamani: unapachika alama za mwendo zinazoshuka, 80, 72, 60, halafu unabonyeza V zifichike, zisikike bila kuonekana kwenye karatasi. Fermata akairefusha mara mbili.

Mwalimu mwenzake alimwambia kuvuta noti ni kazi ya mkono wa kiongozi, siyo ya mashine, na kwamba watu wafundishwe kusoma nota. Hoja nzuri, ila huyo mwalimu wanakwaya wake wanakaa jirani na kanisa.

Wiki iliyofuata rekodi mpya zikatumwa. Dada mmoja wa alto akaandika kwenye grupu, "Mwalimu, leo kompyuta inapumua."

Na ile video ya harusi? Mpiga video alishakifunika kile kimya kwa Bongo Fleva.