Pete Kidoleni, Ufunguo Mfukoni Mwake

Hivi, mpenzi msomaji, hiyo pete ya ndoa uliyovaa inafungua nini? Usicheke, nauliza kweli. Warumi wa kale walikuwa na pete zinazofungua. Juu ya duara la shaba au chuma huchomoza kiufunguo chenye meno, kifupi tu, kinalala juu ya kidole. Nguo zao hazikuwa na mifuko, kwa hiyo ufunguo wa kisanduku cha vitu vya thamani ulikaa mkononi. Makumbusho ya Ulaya, likiwemo British Museum la London, yanazo hadi leo.

Nilipoona picha zake nilimkumbuka marehemu bibi yangu kule Tukuyu, aliyefunga funguo za stoo kwenye pindo la khanga. Hakuna aliyegusa mahindi bila kupita kwenye pindo lile. Hata babu!

Kwa Warumi, kumnyang'anya mwanamke funguo ilikuwa ni kumwacha. Mwaka 44 kabla ya Kristo, Cicero alimkejeli Mark Antony kwa maandishi: eti amemtimua hawara yake, mcheza maigizo, kwa kumpokonya funguo, kama vile anampa talaka mke wa ndoa.

Sasa nije kwangu. Mimi nafanya kazi Mbeya, mwenzangu alihamishiwa Iringa. Kila Ijumaa mmoja wetu yuko kwenye basi, Makambako, Mafinga, unaijua hiyo barabara. Pete tunavaa wote, za dhahabu, zinang'aa. Lakini kabati la chumbani lenye hati ya nyumba, vyeti vya watoto na karatasi za mkopo lilikuwa na ufunguo mmoja tu, nao ulilala Iringa pamoja na funguo za gari lake. Siku shule ilipodai cheti cha kuzaliwa cha mtoto, nilisimama mbele ya lile kabati kama mgeni. Ningeweza kuita fundi avunje kitasa. Sikutaka. Nyumba yangu mwenyewe, nivunje kama mwizi?

Nikampigia. "Baba watoto, pete ulinivisha mbele ya mchungaji. Ufunguo utanipa lini?"

Kimya. Halafu: "Kwani huniamini?"

Jamani! Aliyefungiwa ndiye anaulizwa kama anaamini.

Na hapa si hisia tu. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinamkataza mume au mke kuuza au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilitamka kuwa kazi za nyumbani nazo ni mchango katika mali ya ndoa. Sawa, lakini utatoaje ridhaa juu ya karatasi ambayo hujawahi kuisoma?

Tulinuniana wiki mbili. Wiki ya tatu konda wa basi akanipigia, nina kifurushi. Ndani, ufunguo mpya uliochongwa Miyomboni, umefungwa kwa uzi. Usiku ule nikafungua. Hati ilikuwa na majina yetu wote wawili! Nikafurahi, nikakasirika hapo hapo: habari njema kama hiyo inafungiwa kabatini kwa nini?

Nilipompigia akacheka. "Haya, na mimi nichongee ule wa droo yako ya vikoba."

Jumamosi asubuhi nilikuwa Mwanjelwa, kwa fundi funguo.